Afande, huyu wa hospitali, siyo wa mahabusu

Jamani watu wa Moshi na Arusha, hili naliandika nikiwa kitengo cha afya ya akili ambako tunapokea wagonjwa wengi waliopitia kituoni kwanza. Mtu anavua nguo stendi, anatukana wapita njia, anajibizana na asiyeonekana, wanapiga 112, defenda inakuja anapakiwa, kosa linaandikwa fujo, halafu analala ndani siku mbili tatu ndo ndugu wanapata habari.

Kinachoniuma ni kwamba siyo kila anayeonekana kachanganyikiwa ana ugonjwa wa akili. Mwenye kisukari sukari ikishuka sana anatoka jasho, anaropoka, anapigana kabisa kama mlevi, na kipimo chake ni tone la damu kidoleni, dakika haziishi mbili, lakini akiachwa sakafuni alale pombe imtoke anaweza asiamke. Kuna malaria iliyopanda kichwani. Kuna aliyetoka kuanguka kifafa, bado hajajielewa, ukimkaba anarusha ngumi na hata hajui anampiga nani.

Pombe ndo usiseme. Huku kwetu mbege na gongo tunazijua, sasa mtu amekunywa kila siku miaka kumi unamfungia ghafla, siku ya kwanza mikono inatetemeka na degedege inaweza kumpiga, siku ya pili au ya tatu anaona wadudu ukutani, joto linapanda, moyo unaenda mbio, wenzake wanasema kapandisha mashetani. Hapana, hiyo ni pombe kukatika mwilini, na inaua! Hospitali tuna dawa zake, mahabusu hakuna.

Sheria ya Afya ya Akili tunayo tangu 2008 na inamruhusu polisi kumpeleka mtu wa namna hii kwenye matibabu, kwa hiyo afande akifanya hivyo hajamwachia mhalifu. Kule Memphis, Marekani, walianza 1988 baada ya polisi kumuua kwa risasi kijana mgonjwa wa akili, wakawapa baadhi ya askari mafunzo ya saa 40 ya kumshughulikia mtu wa namna hii, na mimi naona kilichosaidia sana ni hospitali kukubali kumpokea mgonjwa haraka bila kumzungusha askari. Hapo na sisi wa hospitali tujitazame, maana afande akikalishwa benchi masaa manne na mgonjwa anayepiga kelele, kesho atampeleka wapi?

Wewe ndugu unayepiga simu, sema mapema kabisa kwamba ni mgonjwa, dawa gani anatumia na ameacha lini, ameshika panga au hana kitu, na kadi yake ya kliniki uibebe. Msimfunge kamba, msimlaze kifudifudi mkamkalia mgongoni, anakosa pumzi. Afande zima king'ora, watu wasogezwe, aongee mmoja tu taratibu, na usimdanganye kwamba mnaenda kwa mama yake.

Moshi kuna hospitali za Mawenzi na KCMC, Arusha kuna hospitali ya Mount Meru, pitilizeni dharura hata kama ni saa nane usiku. Na naomba sana afande usiondoke kabla daktari hajasikia ulichokiona kule barabarani, kwa sababu saa hiyo mgonjwa mwenyewe hawezi kusimulia.