Mwili mmoja, seli za kazi nyingi: maswali ya wazazi kuhusu ugonjwa wa SS

Maswali haya yaliulizwa na wazazi wa Katuba, hapa Lubumbashi, siku ya kupima watoto uzito, baada ya mama mmoja kutuonyesha mikono ya mwanawe wa miezi 8: vidole vyote vimevimba na kung'aa, na mtoto analia kila kinapoguswa kimoja. Kipimo cha damu kilionyesha ugonjwa wa seli mundu, ambao wengi wetu tunauita SS.

Seli ni nini, na kwa nini hazifanani?

Seli ni sehemu ndogo kuliko zote yenye uhai mwilini. Kila mtu alianza akiwa seli moja, yaani yai la mama lililorutubishwa na mbegu ya baba, lenye kromosomu 46, yaani nyuzi zinazobeba urithi, nusu kutoka kwa kila mzazi. Seli hiyo ikigawanyika, urithi wote hunakiliwa. Ila kadiri mimba inavyokua, kila kundi la seli hufungua jeni, yaani maagizo ya urithi, zinazohusu kazi yake na kuzifunga nyingine, hata seli za misuli zikarefuka ili ziweze kujikunja, na za neva zikatoa nyuzi ndefu za kupeleka taarifa. Seli za kazi moja zikikaa pamoja huitwa tishu, tishu kadhaa hujenga ogani kama moyo, na ogani zinazosaidiana hufanya mfumo.

Kama jeni ya SS imo katika seli zote za mtoto, mbona ni damu inayougua?

Jeni hiyo hutoa maagizo ya kutengeneza himoglobini, inayobeba oksijeni. Seli ya ngozi inayo pia, lakini imeifunga, kwa hiyo haiidhuru. Zinazoifungua ni seli changa za uboho wa mifupa zinapojiandaa kuwa chembe nyekundu za damu. Chembe nyekundu imejitoa kabisa kwa kazi yake: kabla ya kuingia kwenye damu hutupa hata kiini chake, nayo huwa laini kiasi cha kupenya mishipa myembamba kuliko yenyewe. Kwa mgonjwa wa SS, himoglobini ikishaachia oksijeni hushikamana na kuwa vijiti vigumu, chembe ikapinda kama mundu na kukwama. Ndivyo vilivyovimba vidole vya yule mtoto, kwa kuwa damu haikufika vizuri kwenye mifupa midogo ya mikono. Tena chembe isiyo na ugonjwa huishi siku 120 hivi, lakini za mgonjwa huishi siku 10 hadi 20 tu, na hapo ndipo upungufu wa damu unapotoka.

Mbona alizaliwa mzima?

Tumboni alitumia himoglobini ya aina nyingine, isiyopinda chembe. Baada ya kuzaliwa, uboho huifunga jeni yake taratibu na kufungua ile ya utu uzima. Dalili nyingi huanza karibu na miezi 6.

Je, ni mama aliyeuleta?

Hapana, na ninaomba neno hili lifike katika kila nyumba. Mtoto hupata SS akipokea jeni hiyo kwa baba na kwa mama pia, na wazazi wenye AS, yaani wenye jeni moja ya ugonjwa na moja ya kawaida, kwa kawaida hawaumwi. Wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mwenye SS.

Nyumbani tufanye nini?

Mpeni maji mara kwa mara, na mfunikeni vizuri usiku wa Juni na Julai, kwa maana baridi ya kiangazi chetu huchochea maumivu. Akipata homa, mpelekeni kituo cha afya usiku huohuo: wengu, ogani inayochuja vijidudu kwenye damu, huharibiwa mapema na chembe zilizokwama, na maambukizi yanaweza kumzidi nguvu kwa saa chache.