Kabla hujalipia injini, uliza tenda yake iko wapi

Neno "tenda" limenitia matatani hapa Nakuru. Nikimwambia jirani kwamba wiki hii nimepata tenda mbili, anadhani kaunti imenipa kazi ya kusambaza madawati, na anaanza kunisalimia kwa heshima mpya. Tenda yangu mimi ni kile kibehewa kinachofuata nyuma ya injini ya mvuke, kikibeba maji pamoja na makaa au mafuta. Kwa kazi mimi ni fundi wa redio. Treni kubwa za mfano, zile ambazo injini moja tu inajaza mapaja ya mtu mzima, nilianza kuzishika mteja aliponiletea moja iliyokufa, na tangu siku hiyo sijapona.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea injini na tenda alizonunua mtandaoni kwa wauzaji wawili, mmoja Ujerumani, mwingine Marekani. Akazipanga mezani kwa fahari.

"Mzee, hizi zinaoana kabisa. Zote nyeusi, zote zinaingia kwenye reli moja."

Nikamtoa mtu wangu mfukoni. Ni dereva wa plastiki mwenye kofia, urefu wake milimita 75, na huwa siendi kununua chochote bila yeye. Nikamsimamisha kwenye mlango wa injini: akaingia vizuri, kofia haikugusa dari. Nikampeleka nyuma ya tenda: vipandio vya ngazi vilikuwa vimebanana hata buti lake halikupita. Kisha nikazisogeza zikaribiane. Sakafu ya injini ilikuwa juu ya sakafu ya tenda kwa karibu sentimita nzima. Mchochea moto wa treni hiyo angehitaji mbeleko ya kushushiwa.

Mtego uko hapo. Karibu treni zote za ukubwa huu hupita kwenye reli za upana wa milimita 45, lakini skeli zake, yaani kiasi ambacho treni halisi imepunguzwa, si moja. LGB, Wajerumani walioanza mwaka 1968, walichukua reli ya mita moja na kuipunguza mara 22.5. Wanaoiga reli pana ya kawaida, ile ya milimita 1,435 kama SGR yetu, hutumia 1:32. Wanaoiga reli nyembamba za Marekani za futi tatu hutumia 1:20.3. Halafu kuna 1:29, ambayo Aristo-Craft na USA Trains waliitumia kwa treni za reli pana. Ukipiga hesabu haikai sawa na milimita 45, ila wateja waliipenda kwa sababu ni nene kuliko 1:32. Injini ya kijana ilikuwa 1:22.5, tenda ilikuwa 1:29. Mtu wa sentimita 170 ni milimita 75 kwenye ile ya kwanza, na kama 59 tu kwenye ya pili. Muuzaji akikuandikia "skeli ya G", jina linalobebeshwa zote hizi, hajakuambia kitu. Mwombe picha ya ubavuni yenye rula.

Kwa sisi wa huku 1:22.5 ndiyo ya kushika. Reli iliyofika Kisumu Desemba 1901, na ambayo bado inapita hapa Nakuru, ni ya mita moja. Igawe kwa 22.5 upate milimita 44 na kidogo.

Skeli zikishaoana, tazama chuma kinachozishika pamoja. Kuna wanaotumia pini na tundu, wengine kulabu, wengine skrubu. Hilo si la kukunyima usingizi, kipande cha bati na drili vinamaliza. Urefu wake ndio wa kupima. Kiungo kifupi kinapendeza pichani, lakini kwenye kona ya nusu kipenyo cha sentimita 60, ambayo ndiyo kali kuliko zote za LGB, pembe ya tenda hugonga kibanda cha dereva na gurudumu la mbele hutoka relini. Mimi hutengeneza kiungo chenye matundu mawili: la karibu la maonyesho, la mbali la safari.

Sasa waya, na hapa naomba utulie. Tenda nyingi si kibehewa kitupu. Magurudumu yake huchota umeme relini na kuuongezea injini, ndani mna spika, na kuna aina ambazo ubao wote wa kuendesha mota umekaa humo. Ukinunua injini ya aina hiyo bila tenda, umenunua pambo la kabati. Za zamani zenye sauti hubeba betri ya volti 9, na iliyosahauliwa humo miaka mingi huwa imetema uchafu wa kijani uliokula shaba. Mwambie muuzaji afungue kifuniko mbele ya kamera.

Plagi kuingia si ushahidi. Niliwahi kuunganisha tenda ya mtu na injini ya mtu mwingine, plagi ikaingia kama imezaliwa humo. Nikawasha. Upande wa kushoto wa tenda ulikuwa umeungwa na wa kulia wa injini, yaani reli mbili zikakutana ndani ya waya mwembamba kama uzi. Ganda la waya liliyeyuka kabla mkono wangu haujafika kwenye swichi. Tangu hapo naanza na mita ya kupimia umeme: gurudumu la kushoto la injini na la kushoto la tenda, kisha la kushoto na la kulia. Mlio peke yake usiuamini, maana koili ya mota nayo huweza kuliza mita, soma namba. Kushoto na kulia zikisoma karibu na sifuri, acha kila kitu.

Gia ni jambo fupi: shika injini, gusisha betri ya volti 9 kwenye magurudumu ya pande mbili, sikiliza. Ikilia "tak, tak" kila mzunguko, gia ya plastiki imepasuka kwenye ekseli.

Anayechoka na mambo haya na atafute Garratt, aina ya injini ya mvuke ambayo haina tenda kabisa. Maji na mafuta hukaa juu ya injini yenyewe, mbele na nyuma. Zile kubwa za daraja la 59 za Reli za Afrika Mashariki, 34 kwa jumla, zilitengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester na kupewa majina ya milima. Mount Gelai, namba 5918, iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Ila bei ya Garratt ya mfano itakurudisha kwenye tenda mbio.

Jambo la mwisho nililomwambia kijana halikumfurahisha. Tenda pweke ni adimu kuliko injini pweke, kwa sababu injini ikiungua mota, tenda huwekwa akiba ya spika na magurudumu. Kwa hiyo "nitapata tenda baadaye" huwa baadaye ndefu sana. Rangi haina neno. Nyeusi mbili tofauti huzikwa chini ya ile nyekundu iliyoiva ya Reli za Afrika Mashariki, na rundo la makaa ya plastiki mara nyingi huchomoka, ukaweka tangi la mafuta kama zilivyokuwa za kwetu siku za mwisho za mvuke.

Ameondoka na injini yake, tenda ameniachia niiuze. Ni ya 1:29, ekseli nne, spika nzima, plagi nimeikata. Mwenye injini ya skeli hiyo iliyofiwa na mwenzake aje nayo dukani, na aje na reli ya kona.