Je, wajua kwa nini jiji la Oxford lilishindwa kubomoa kuta mbili kwa zaidi ya miaka 24?

Habari za kuta za Cutteslowe, kitongoji cha kaskazini mwa Oxford nchini Uingereza, husimuliwa kwa makosa matatu. La kwanza, kwamba serikali ndiyo iliyozijenga ili kuwatenga maskini na wenye nacho. La pili, kwamba lilikuwa boma refu lililozunguka mtaa mzima. La tatu, kwamba kifaru cha jeshi ndicho kilichoziangusha wakati wa vita.

Hilo la kwanza limepinduka kabisa. Mjenzi alikuwa kampuni binafsi, Urban Housing Company, na Halmashauri ya Jiji la Oxford ndiyo iliyohangaika kuziondoa. Boma nalo halikuwapo. Kuta zilikuwa mbili tu, za matofali, kila moja ikikata barabara moja kwa upana wake: moja pale Aldrich Road inapokutana na Wentworth Road, nyingine kati ya Wolsey Road na Carlton Road. Kimo chake kilizidi mita 2, na juu palikuwa na miiba ya chuma. Hapakuhitajika zaidi ya hapo, kwa sababu pengine pote zilikuwa nyumba na bustani za watu, na hakuna apitaye katika bustani ya mwenzake kwenda kupanda basi.

Kifaru kilikuwapo kweli. Mwaka 1943, katika mazoezi ya kijeshi, kilipenya ukuta mmoja. Lakini Wizara ya Vita ililipa gharama, matofali yakapangwa upya, na ukuta ukaendelea kusimama miaka mingine 16. Yaani hata uzito wa kifaru haukutosha kuumaliza. Kilichoulinda kilikuwa karatasi, na hapo ndipo penye utamu wa kisa hiki.

Katika miaka ya 1930 Oxford ilikuwa inakua kwa kasi, hasa kwa sababu ya viwanda vya magari vya Cowley. Halmashauri ilinunua ardhi Cutteslowe ili ijenge nyumba za kupangisha, kisha mwaka 1933 ikaiuzia kampuni sehemu ya ardhi hiyo. Kampuni ikajenga nyumba za kuuza upande unaoelekea Banbury Road, barabara kuu yenye mabasi. Nyumba za halmashauri zikawa nyuma yake. Kampuni ikadai kwamba wanunuzi wangekimbia wakijua kuwa majirani wao wametolewa katika makazi duni yaliyobomolewa mjini. Dai hilo halithibitishi kwamba nyumba zingekosa wateja, na familia zilizotoka makazi duni zilikuwa sehemu ndogo tu ya wapangaji. Hata hivyo, Desemba 1934 kuta zilisimama.

Kwa mpangaji wa Aldrich Road hesabu ilikuwa nyepesi na ya kuchosha: kuifikia Banbury Road alilazimika kuzunguka zaidi ya mita 600. Kwenda na kurudi mara moja ni zaidi ya kilomita 1.2 za ziada. Mwenye kigari cha mtoto na kikapu cha sokoni alizibeba zote.

Sasa, kwa nini jiji lisiseme tu kwamba barabara ni ya umma, likavunja? Kwa sababu barabara haiwi ya umma kwa kuwa ina lami na watu wanaitumia. Anayepima viwanja na kujenga barabara hubaki na ardhi iliyo chini yake mpaka ikabidhiwe, na kinachokabidhiwa huishia kwenye mpaka uliochorwa. Kampuni ilibaki na ukanda mwembamba mwishoni mwa kila barabara, wenye upana wa inchi 9, yaani kama sentimita 23. Ukuta ulijengwa juu ya ukanda huo.

Fikiria mabomba mawili ya maji, kila moja lina urefu wa kilomita, yamekutana kwenye koki moja ndogo iliyo katika kiwanja cha jirani. Mabomba yako ni mazima, maji yamejaa, lakini jirani asipofungua koki hutapata hata tone. Urefu wa mabomba haukupi haki juu ya koki. Ndivyo ulivyokuwa ukanda ule. Tuseme barabara ina upana wa mita 10: ardhi yote inayobishaniwa ni mita 2.3 za mraba, pungufu ya eneo la kitanda cha watu wawili. Asiye na haki ya kupita juu ya eneo hilo hana barabara.

Dawa yake huwekwa siku ya mauzo. Anayeuza sehemu ya ardhi na kubaki na nyingine hupaswa kuandika katika hati kwamba barabara za pande zote mbili zitaungana, kwamba watu wana haki ya kupita, na kwamba mpaka wa barabara utafika hadi mpaka wa kiwanja bila kubakiza hata inchi. Saini zikishapigwa, muuzaji hugeuka mwombaji.

Kila jaribio la nguvu liligonga mwamba huo. Mei 1935 Abe Lazarus, mkomunisti aliyekuwa ameongoza mgomo wa kiwanda cha Pressed Steel mwaka uliotangulia, aliongoza watu kwenda kubomoa, na polisi wakawazuia mbele ya umati mkubwa. Juni 1938 halmashauri yenyewe ilipeleka rola ya kushindilia barabara, ikaangusha kuta. Kampuni ikaenda mahakamani, ikashinda, na kuta zikarudi.

Njia iliyofanikiwa ilikuwa ya kuchosha kuliko zote: kununua. Halmashauri ililipa pauni 1,000 kwa kanda hizo za inchi 9, na tarehe 9 Machi 1959 ubomoaji ulianza bila mtu wa kuupinga kisheria. Lazarus na wenzake walistahili kusikilizwa mapema zaidi. Kizazi kizima cha watoto kilikua kikizunguka.

Leo unaweza kupaona bila kiongozi. Fuata Aldrich Road. Pale jina linapobadilika kuwa Wentworth Road huku barabara ikiendelea moja kwa moja, ndipo ukuta ulipokuwa. Kibao cha bluu cha kumbukumbu kiliwekwa Aldrich Road mwaka 2006. Na mwaka 2018, lami mpya ilipowekwa upande wa Wentworth Road, iliishia kwenye mstari ule ule, wakazi wa upande wa pili wakalalamika, na haki walikuwa nayo.