Kabla ya Kuvuka Kasumulu kwa Pikipiki Ukiwa Peke Yako

Anayetoka Mbeya mjini kwenda Mzuzu, Malawi, kupitia mpaka wa Kasumulu, hupita kwenye hali za hewa tatu kwa siku moja. Kutoka Uyole unapanda kwenye baridi na ukungu wa Isyonje, unashukia Tukuyu ambako mvua ya mwaka huzidi milimita 2,000, kisha unaingia kwenye joto la Kyela na Karonga, karibu mita 500 tu kutoka usawa wa bahari. Baada ya hapo unafuata ziwa hadi Chiweta, barabara inapopanda mlima kwa kona kali. Ni takriban kilomita 400, na pikipiki ya cc 150 iliyotunzwa vizuri inaziweza. Injini yenyewe mara chache ndiyo humlaza mtu njiani. Waya wa klachi, tyubu, cheni, plagi na karatasi za mpakani ndivyo humlaza, na karibu vyote huonyesha dalili ungali nyumbani.

Kwa hiyo wiki mbili kabla, funga mzigo wote utakaobeba na uende Chunya na kurudi. Barabara hiyo hupanda hadi zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, inatosha kuijaribu pikipiki. Ukirudi, pima ulegevu wa cheni katikati: sentimita 2 hadi 3, au kama kitabu cha pikipiki yako kinavyosema, na uipime katika hali ambayo kitabu hicho kinaitaja, kwa sababu mzigo hubadilisha kipimo. Meno ya sproketi yakiwa yameinama kama ndoana, badilisha sproketi zote mbili pamoja na cheni. Cheni mpya juu ya sproketi iliyokwisha huliwa haraka. Gonga spoku moja moja kwa spana. Iliyolegea hutoa sauti nzito, hailii kama wenzake.

Waya wa klachi unastahili dakika zako kumi. Haukatiki ghafla kama watu wanavyodhani. Nyuzi zake hukatika mmoja mmoja pale kwenye hendeli, kichwa cha risasi kinapozungukia. Vuta hendeli, mulika kwa tochi: ukiona uzi mmoja umesimama kama unywele, badilisha waya. Kisha nunua mwingine, uulaze sambamba na ule unaotumika kuanzia hendeli hadi injini, uufunge kwa vipande vya tyubu chakavu na uzibe ncha zote mbili kwa nailoni maji yasiingie. Ukikatika njiani unachomoa ncha na kuchomeka nyingine, bila kung'oa tanki wala kutafuta njia ya kuupitisha gizani. Hii ndiyo kazi ya maandalizi ninayoipa alama za juu kuliko zote. Asiye na waya wa akiba anaweza kufika kwenye mji unaofuata: washa injini ikiwa nyutro, sukuma hadi mwendo wa kukimbia kidogo, panda na ukanyage gia ya kwanza. Kupandisha gia, punguza mafuta kidogo ndipo ukanyage. Fanya hivyo barabara ikiwa wazi tu.

Pancha nayo ifanyie mazoezi nyumbani, tairi la nyuma, mara mbili angalau. Beba tyubu ya mbele na ya nyuma kwa saizi zilizoandikwa kwenye tairi zako, vyuma viwili vya kubandulia, viraka, solusheni, msasa, pampu na spana ya ekseli. Hii ya mwisho husahaulika mara nyingi, na bila yake vingine vyote ni mzigo tu. Ukishatoa tyubu, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi kabla ya jambo lolote, maana mwiba au msumari uliobaki utatoboa tyubu mpya ndani ya kilomita moja. Kiraka hubanduka kwa sababu ya haraka: sugua mpaka mng'ao uondoke, paka solusheni nyembamba, subiri dakika kama tano hadi isinate kidoleni, ndipo ubandike na kukandamiza. Wakati wa kurudisha tairi, ijaze tyubu upepo kidogo iwe na umbo, isije ikabanwa na chuma ikatoboka upya.

Injini ikizima na kugoma, fuata mpangilio mmoja usiyumbe. Mafuta yapo na koki imefunguliwa? Legeza skrubu ya chini ya kabureta. Maji au uchafu ukitoka, acha yamwagike hadi petroli safi. Kisha plagi: mvua ya Rungwe, wilaya ya Tukuyu, huingia kwenye kofia yake, ivue na uikaushe. Mwisho fyuzi. Malawi imewahi kupata uhaba wa petroli mara kadhaa, kwa hiyo jaza tanki kabla ya mpaka. Tanki la lita 11 kwa kilomita 35 kwa lita ukiwa na mzigo ni kilomita 385, pungufu ya safari nzima.

Ukianguka na damu ikatoka kwa wingi, kandamiza kitambaa safi juu ya jeraha dakika 10 mfululizo bila kufunua kuchungulia. Ndani ya kofia ngumu bandika kadi ya karatasi, kwa Kiswahili na Kiingereza: jina, kundi la damu, dawa unazotumia, mzio, na namba mbili za ndugu zinazoanza na +255. Simu huvunjika au kufungwa kwa namba ya siri. Andika pia namba za polisi na gari la wagonjwa za nchi unayoingia, uziulize palepale mpakani. Mwachie mtu mmoja nyumbani ratiba ya kupiga simu, naye ajue aanze kumtafuta nani ukinyamaza kwa saa tatu baada ya muda mliokubaliana.

Kumbuka saa za Malawi na Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Giza kule huingia mapema kwa saa yao, mwezi wa sita hata kabla ya saa 12 jioni, na fundi hufunga.

Karatasi ni pasipoti, leseni, kadi ya pikipiki (pamoja na barua ya mwenye chombo iliyothibitishwa na wakili, ikiwa si yako), na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, inayotambuliwa ng'ambo ya mpaka. Forodha ya upande wa pili itakupa kibali cha muda cha chombo, chenye tarehe ya mwisho. Pikipiki ikifa kabisa usiiache kwa fundi ukapanda basi kurudi nyumbani, kwa kuwa kwenye vitabu vya forodha bado imo nchini mwao kwa jina lako na ushuru unaweza kudaiwa. Nenda ofisi ya forodha kabla tarehe haijapita, ueleze, uombe nyongeza ya muda kwa maandishi, na utunze nakala yenye mhuri hadi siku utakayoivusha Kasumulu, hata kama ni juu ya lori.