"Mita 30" kwenye saa si kina cha kuzamia

Ukienda Kariakoo kutafuta saa ya kuvaa kila siku, muuzaji hukuonyesha maandishi "30M" kwenye mfuniko wa nyuma na kukuhakikishia kuwa unaweza kuzama nayo mita 30. Imani hii ni ya miaka mingi, na imeharibu saa nyingi nzuri.

Namba hiyo ni kipimo cha shinikizo la maji: saa ikiwa mpya na imetulia, inahimili baa 3 (baa ni kizio cha shinikizo). Kwa matumizi ya kawaida, hiyo ni saa ya kunawa mikono na manyunyu ya mvua, basi. Kwa kuogelea Coco Beach, mimi ningeanzia mita 100.

Kinachozuia maji ni vipete vya mpira, kimoja chini ya mfuniko, kingine kwenye kitufe cha kurekebishia muda. Mpira huchakaa kwa joto na sabuni, kwa hiyo hata G-Shock, saa ngumu ya Casio, ya mita 200 inahitaji kuangaliwa. Ukitoka baharini, isuuze kwa maji ya bomba. Fundi akibadilisha betri, mwombe akukagulie kipete cha chini ya mfuniko. Kikiwa kimebapa au kina nyufa, akibadilishe kabla hajafunga mfuniko.