Je, wajua kwa nini mmea uleule una majani madogo kwenye chungu na makubwa ajabu juu ya mwembe?

Katika nyua za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako kuta ndefu huacha jua liingie kwa muda mfupi tu mchana, kuna mmea wa kutambaa unaostawi pale ambapo mawaridi hukataa. Huning'inia kutoka kwenye chungu, majani yake manene yanang'aa, yana umbo la moyo, kijani chenye michirizi ya manjano. Jani zima hutoshea kiganjani. Nenda mashamba ukaukute umeparamia mwembe mzee: jani moja lapita nusu mita, na mengine yamechanika pembeni. Utaapa kuwa ni mimea miwili. Ni mmoja, Epipremnum aureum, ambao India huitwa mmea wa pesa.

Kwao ni kisiwa cha Moorea, Polynesia ya Ufaransa. Msituni, kazi yake kubwa ni kutafuta mti wa kupanda. Ukitambaa chini au ukining'inia, shina hurefuka mbio na majani hubaki madogo. Mizizi ya kwenye vifundo, yaani pale majani yanapochipukia kwenye shina, ikishika gome na shina likaelekea juu, mambo hugeuka: shina hunenepa, mwanga huongezeka, na kila jani jipya hulipita lililotangulia. Mmea uliokomaa huweza kufika mita 20, na jani lake sentimita 100 kwa urefu na 45 kwa upana. Tawi hilohilo likiachwa lining'inie, majani yanayofuata huanza kupungua tena.

Maua usiyatarajie. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mmea huu una hitilafu kwenye jeni inayohusika na kutengeneza homoni ya jiberelini. Ulipopuliziwa homoni hiyo, ulichanua. Ndiyo maana husambaa kwa vipande vya shina, jirani akimkatia jirani.

Kuutambua visiwani kunataka uangalifu, kwa kuwa mtambuu na mpilipili manga nayo hupanda miti na majani yao yanafanana na haya. Vunja kipande cha jani, unuse. Tambuu lina harufu kali ya viungo, na mishipa yake kadhaa huanzia karibu na kikonyo ikapinda kuelekea nchani. Mmea wetu una mshipa mmoja mkuu wa katikati, na kikonyo chenye mfereji upande wa juu. Kisha nawa mikono, wala usionje. Uko ukoo mmoja na majimbi, na majani yake yana fuwele za kalsiamu oksaleti zinazowasha na kuvimbisha mdomo na ulimi. Mwenye mtoto anayetambaa, paka au mbuzi, autundike juu wasikofika.

Ule mmea wa Ulaya unaofunika kuta za mawe, Hedera helix, ni mwingine kabisa. Umezoea baridi, na joto la pwani huudhoofisha. Sioni haja ya kuuhangaikia ilhali tunao huu.

Masika ndio wakati mzuri wa kupanda. Chukua kipande chenye vifundo viwili au vitatu, ukikate chini kidogo ya kifundo, maana mizizi hutokea hapo. Kitie kwenye gilasi ya maji mpaka kiote mizizi, au kichomeke moja kwa moja kwenye udongo wa kinongo, ule usiotuamisha maji, uliochanganywa na samadi iliyooza na makumbi yaliyokatwakatwa. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa kazi ya kamba yana chumvi. Yaoshe sana kwanza. Maji ya baadhi ya visima vyetu nayo yana chumvi, na ncha za majani zikigeuka kahawia, jaribu maji ya mvua. Subiri udongo wa juu ukauke ndipo umwagilie tena. Maji yakituama, mizizi huoza.

Kivuli kizito hakiuui, ila huondoa uzuri wake. Sehemu za manjano zina kidogo tu klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga, na palipo na mwanga haba majani mapya hutoka kijani kitupu. Sogeza chungu karibu na mlango wa ua au chini ya dari ya baraza, lakini kiepushe na jua la mchana linalobabua.

Ukitaka majani makubwa, usimamishie nguzo iliyozungushiwa usumba, yaani nyuzi za makumbi, na usumba huo uwe na unyevu daima. Au upandishe mwembe; haunyonyi utomvu wa mti. Mnazi uache kwa ajili ya wakwezi, na mkarafuu kwa ajili ya wachumaji, maana shina lililofunikwa ni hatari kwa anayepanda.

Jambo moja naomba sana lizingatiwe: kipande kidogo chenye kifundo chatosha kuota, na katika nchi nyingi za joto mmea huu umetoroka bustanini ukafunika misitu. Masalio ya kupogoa yasitupwe vichakani, hasa jirani na misitu ya Jozani au Ngezi. Yaanike juu ya sakafu yenye jua kali mpaka yakauke kabisa, ndipo yatupwe.