Penseli ya buluu ya wachora katuni: yanayosemwa na yalivyo

Mchora katuni huchora rasimu kwa penseli ya samawati, kisha hupita juu yake kwa wino; kwenye nakala buluu inatakiwa ipotee, wino ubaki.

"Buluu hii haionekani na mashine yoyote." Sifa hiyo ilikuwa ya filamu, si ya penseli. Filamu ya zamani ya viwanda vya chapa ilishika mwanga wa buluu lakini ilikuwa kipofu kwa nyekundu, ndiyo maana chumba cha giza kiliwashwa taa nyekundu. Karatasi nyeupe na mstari wa samawati vilirudisha mwanga wa buluu karibu sawa, kwa hiyo filamu haikuvitofautisha. Wino mweusi ulibaki. Mstari mwekundu nao ulitoka mweusi kama wino.

Skana ya leo haina upofu huo. Inasoma nyekundu, kijani na buluu, kila moja kwa kipimo cha 0 hadi 255. Samawati inayotajwa sana kwa kazi hii, ambayo msimbo wake wa kompyuta ni #A4DDED, ni nyekundu 164, kijani 221, buluu 237. Picha ikigeuzwa kuwa ya kijivu, vipimo huchanganywa na mstari hutua karibu na 205: hafifu, lakini upo. Ukichukua chaneli ya buluu peke yake, yaani kipimo cha buluu tu, unabaki na 237, jirani wa weupe wa karatasi.

Basi skani kwa rangi, dpi (nukta kwa inchi) 600 kwa kazi ya kuchapwa, 300 ikiwa ni ya mtandaoni tu. Kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, fungua Colors, kisha Components, kisha Extract Component, uchague RGB Blue. Nenda kwenye Levels, panaporekebishwa giza na mwanga: vuta kitufe cheupe hadi karibu 220 buluu izame kwenye weupe, na cheusi hadi 40 hivi wino ukolee. Mistari myembamba ikianza kukatika, umevuta cheupe mno. Na tahadhari: chaneli hii huonyesha vitu vya manjano na kahawia vikiwa vyeusi zaidi kuliko jicho linavyoviona. Tone la chai ya maziwa, gundi iliyozeeka, karatasi iliyopigwa na jua, vyote vitajitokeza.

"Peleka tu saiba, watakuskania." Watakuskania, ndiyo, lakini mashine ikiwa imewekwa kwa ajili ya vyeti na barua utapewa PDF ya nyeusi na nyeupe, na chaneli ya buluu haipo tena ya kuchota. Sema kabla karatasi haijawekwa: "Boss, niskanie kwa rangi, 600, unipe faili ya picha, TIFF au PNG." Programu za simu za kuskani hati ni mbaya zaidi; huongeza kontrasti zenyewe na kuikoleza buluu uliyotaka ipotee. Heri picha ya kawaida ya kamera, karatasi ikiwa karibu na dirisha. Asubuhi ya mawingu ya Julai Nairobi ni studio ya bure. Balbu ya manjano haifai: ina mwanga mchache wa buluu, kwa hiyo chaneli unayoitegemea hutoka na giza na chengachenga.

"Fotokopi huifuta." Mashine nyingine huifuta, nyingine hapana. Chora mistari mitano kutoka hafifu hadi mzito kwenye kipande cha karatasi, punguza ukolezi wa mashine, toa kopi moja, uone ni mstari wa ngapi unaotokea. Chora kwa mstari hafifu kuliko huo.

"Bila penseli ya kuagiza ng'ambo huwezi." Zinazotumika kwa kazi hii zipo: Col-Erase ya Prismacolor, ambayo inafutika kwa raba, Sketcher ya Caran d'Ache, na risasi za penseli za buluu za Pilot Color Eno za milimita 0.7. Hizi za mwisho zinataka penseli ya kubofya ya 0.7, si ile ya 0.5 ya shuleni. Lakini samawati ya kwenye boksi la rangi 12 la duka la vifaa vya shule hufanya kazi ile ile kwenye chaneli. Inachokosa ni kufutika vizuri, kwa sababu ya nta. Kalamu ya biki ya buluu usiiguse. Wino wake ni mzito mno na utaacha kivuli.

"Bonyeza upendavyo, itapotea." Hapa ndipo kurasa nyingi huharibika. Nta iliyorundikana husukuma wino wa maji, ukajikunja vitone au mstari ukaruka, na nibu (ncha ya kalamu ya wino) hukwangua nta hadi ikaziba. Shika penseli mbali na ncha, jenga umbo kwa tabaka mbili tatu nyepesi. Nibu ikigoma, ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ukikazia mistari kwa penseli ya kawaida ya HB juu ya buluu, kumbuka HB ni kijivu katika chaneli zote: lazima ifutwe, wino ukishakauka kabisa, kwa raba laini ya kukanda ili usiupaushe wino.

Na ukipanga kupaka rangi za maji juu ya ukurasa wenyewe, futa buluu kwanza. Ikishafunikwa na rangi, raba haiifikii tena.

"Nyekundu haifai kamwe." Kwa filamu, kweli. Kwa skana, chota chaneli ya nyekundu badala ya buluu. Duka likiwa na ya waridi tu, ichukue.